Ulingo Usiopiga Kelele

Huko Buffalo wanasema nilianguka kutoka juu. Huko Columbus wanasema nilimpiga msimamizi wangu risasi ya mguu. Hapa Louisville, ambako jambo lenyewe lilitokea na walioliona wako hai na wana akili zao, kuna kijana wa shifti ya jioni aliyemweleza mgeni mbele yangu kwamba Mama Leo aliwahi kuua swala kwa kelele. Nimestaafu mwaka huu wa 2016, nina muda, na miguu yangu imeanza kuzoea viatu visivyo na chuma mbele. Basi nawaandikia mwenyewe, nyinyi wa kiwandani mliobaki na mliohama, kwa mpangilio, ili atakayetaka kutia chumvi ajue aanzie wapi.

Jina langu ni Leokadia. Ni Mrundi niliyekulia Tanzania, upande wa Kasulu, nikahamishiwa Louisville nikiwa tayari nina wajukuu. Jina la Mama Leo nilipewa na Mutiso, kijana wa Kikamba aliyekuja Marekani kusomea biashara akaishia ofisini kwetu kupokea maagizo ya wateja. Leokadia lilimshinda kuandika, akaandika Leo. Kisha kila Ijumaa aliniuliza, "Mama Leo, na kesho tutakuita nani?" Aliuliza hivyo kwa miaka, na kila mara alicheka peke yake. Siku hizi yuko Whitehall, kule Columbus, na naamini kuna ofisi nyingine inayochoka.

Kiwanda chetu, karibu na Newburg, kilikuwa cha paleti, yale majukwaa ya mbao ambayo foklifti huyanyanyua yakiwa na mzigo juu. Yaliyovunjika yaliletwa kwetu kutengenezwa, na yaliyoshindikana tuliyabomoa tukachukua mbao zake. Siku ya kwanza nilipokewa na Roy, msimamizi wetu, Mzungu wa Kentucky mwenye tumbo lililotangulia na kofia ambayo hadi leo sijui inaficha nini. Alinipa mtaimbo na glavu ambazo mkono wangu uliingia ukabakiza nafasi ya mkono wa jirani. Kisha akaniwekea mkononi bunduki ya misumari, ile mashine inayopigilia kwa nguvu ya upepo. Kila nilipobonyeza, nilifumba macho. Roy alivumilia kidogo, akanigusa bega.

"Miss Leo," akasema, "mmoja wenu lazima aangalie. Na bunduki haina macho."

Kiingereza chake nilikielewa nusu, nusu nyingine niliisoma usoni mwake. Lakini alikuwa mwalimu. Alinifundisha kugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwa sababu uliooza huitikia kwa sauti ya chini, ya kivivu. Alinifundisha kusoma mhuri uliochomwa ubavuni mwa paleti. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo unaweza kujengea hata kitanda cha mtoto. MB maana yake zilipigwa sumu ya gesi, hizo usizilalie, usizichome, usizipeleke nyumbani hata kama ni nzuri namna gani. Vijana, hili la MB nalirudia kwa sababu najua mmoja wenu ametengenezea meza ya chakula.

Jambo jingine la Roy lilikuwa utani. Alimtania kila mtu, kila asubuhi, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mimi alinitania kwa chupa yangu ya chai, aliyosema ingetosha kuzima moto wa kiwanda. Byamungu alitaniwa kwa woga. Byamungu mnamjua, yule Mkongo wa Bukavu wa meza iliyofuata yangu, ambaye sasa yuko Buffalo, anakaa karibu na Grant Street. Mtu wa kanisa, mtanashati, na mwoga wa kila kitu kinachoruka. Siku moja tulipobomoa paleti zilizotoka kwenye ghala fulani, nyigu wakamwagika kutoka ndani.

"Mama Leo, kimbia! Iko na banyigu!" alipiga kelele, naye mwenyewe alikuwa tayari getini. Nilipomfuata akanyoosha koti lake. "Bon. Miye siogopaki. Nilikuwa naenda tu kutafuta dawa."

"Dawa ipo getini?"

"Donc, ungependa niitafute wapi, kwa nyigu?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Roy alikuwa mwindaji. Kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi alianza kuongea kwa upole na kunusa hewa, tukajua msimu wa swala umekaribia. Mimi nasema swala. Byamungu alisema ni mbuzi wa porini, Mutiso akasema ni deer na tuache ushamba. Roy aliwawinda akiwa juu ya mti, amekaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa kwenye shina kwa mkanda. Mwaka wa 2014 mkanda ulikatika. Alianguka, akavunjika nyonga.

Alirudi kazini majira ya kuchipua akitembelea mkongojo. Wenye kiwanda walimpa kiti getini ili aangalie malori. Tulimpokea kwa keki na makofi, yeye akashukuru, akakaa, na hakumtania mtu. Siku ya kwanza tulisema amechoka. Wiki zikapita. Byamungu alipiga kelele kwa sababu ya kipepeo, kipepeo kabisa, na Roy akageuza uso akatazama barabara. Hapo niliogopa.

Mke wake, Linda, alikuwa akimletea chakula cha mchana. Mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, na mwenye macho yanayokagua. Nilipomuuliza kuhusu kuwinda alinijibu pale pale, "Roy hatapanda tena kitu chochote kirefu kuliko kitanda." Hakuwa mkali. Ni yeye aliyemwona chini ya mti ule, na niliona bado anamwona.

Kiangazi, Roy alibandika tangazo kwenye ukuta wa chumba cha kulia. Anauza bunduki yake. Nililisoma nikiwa na kipande cha muhogo mdomoni. Nasema wazi, niliumia. Mtu aliyenifundisha kufumbua macho alikuwa anayafumba ya kwake, na sisi tulikuwa tunakula.

Nikaenda ofisini kwa Mutiso. Nikamuuliza kama hakuna namna ya mtu mwenye nyonga mbovu kuwinda.

"Iko, Mama. Anahitaji blind," Mutiso akasema.

Byamungu alikuwa nyuma yangu. "Kipofu? Donc kipofu ndiye atamwonyesha mbuzi?"

"Si blind ya macho, boss. Ni kajumba ka mbao, kako juu na miguu nne. Unakaa ndani unacheki shamba yote, deer wakikuja unawaona. Lakini zile za duka ni expensive, wacha tu."

"Ulingo!" nikasema. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Ulingo nimeujenga kabla mama yako hajaolewa."

Na ni kweli. Kwetu, mahindi yakianza kubeba, kila shamba lina ulingo wake, na watoto tulishinda juu tukilinda mazao. Nikaenda kwa Linda, nikamweleza: ngazi pana, reli pande zote, miguu minne chini ya nyumba, hakuna mti wala mkanda. Linda alifikiri sana. Kisha akatoa masharti. Ngazi ziwe za kupandika hata na mtu aliyebeba kapu la nguo. Kitu kisiyumbe. Na yeye mwenyewe, ambaye anaogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa, atapanda kukagua. Akiridhika, Roy atawinda. Asiporidhika, bunduki iuzwe na yeye asisikie tena habari hizo.

Wenye kiwanda walituruhusu kuchukua mbao zilizokataliwa. Mimi na Byamungu tukajenga nyuma ya ua, saa za chakula na Jumamosi, na Mutiso akatusaidia kwa maneno. Tulipomaliza nilimwita Roy. Alikuja na mkongojo wake, akasimama, akatazama. Ulikuwa ulingo mzuri, wa kwetu hasa. Pande zote nne wazi, ili mlinzi aone na aonekane. Paa la bati linalong'aa. Na kuzunguka ukingo wote nilikuwa nimening'iniza makopo matupu ya nyanya kwenye kamba, ukivuta kamba moja yanalia yote.

"Miss Leo," Roy akasema polepole, "makopo ni ya nini?"

"Ya kuwafukuza."

"Kuwafukuza kina nani?"

"Swala." Nikavuta kamba. Makopo yakalia vizuri sana.

Roy aliangalia makopo, akaniangalia mimi, akaangalia makopo tena. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Akaegemea paleti akacheka mpaka kofia ikakaa upande, akasema katikati ya kicheko kwamba yeye, kwa bahati mbaya, alikuwa anataka waje.

Mnacheka, lakini fikirini. Nyumba moja, miguu ile ile, urefu ule ule. Kwetu unapanda ili nyani wakuone wakome. Kwao unapanda ili mnyama asijue kama umezaliwa. Hakuna aliyeniambia, na Mutiso, msomi wetu, alipita hapo kila siku akiyaona makopo na akadhani ni mapambo.

Tukabomoa, tukaanza upya, na safari hii Roy alivuta kiti chake kutoka getini akasimamia. Hapa ndipo mchukue ujuzi, nyinyi mnaojenga. Miguu iwe nguzo nene zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, na hizo msiokoteze, nunueni. Ipanueni kwa chini, sakafu ikae ndani ya mipaka ya miguu, kisha mfunge mbao za mshazari kila upande. Viungo vyote vya miguu ni bolti, nati, na kile kipete bapa cha chuma wanachokiita washa. Msumari hulegea mbao zikikauka, halafu hulia, na mlio mdogo tu unamaliza asubuhi nzima. Kuta zilikuwa mbao za paleti zenye HT, tulizipanga mbili mbili ili mwanga usipenye. Sakafuni tulilaza zulia kuukuu lililotupwa nje ya apatimenti za jirani yangu, na Byamungu alilifua mara mbili kwa sababu alisema swala ni mnyama, si mshenzi. Madirisha yafunguke kwa ndani, membamba, bawaba zipakwe mafuta, na ukingoni mbandike ukanda wa mpira. Ndani pakeni rangi nyeusi, kivuli cha mtu kisionekane. Bati tulilitoa, tukaweka plaiwudi yenye lami juu, maana mvua ikipiga bati hamsikilizani. Pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimekaa sawa, kiwe mkononi kila hatua. Na chini kuna nanga za chuma za kuzungusha ardhini, kila mguu na yake, na waya wa kuufungia. Byamungu, kwa upepo wenu wa ziwani huko Buffalo, weka mbili mbili. Mutiso, wewe usijenge chochote.

Kila jioni Roy alinifanyia mtihani wa ukimya. Mimi ndani, yeye chini amefumba macho, na niketi, nisimame, nifungue dirisha. Bolti zilifaulu. Mimi nilifeli.

"Nakusikia unapumua, Miss Leo."

"Nisipumue?"

"Na sasa nakusikia unaimba."

Sikujua naimba. Mtu aliyekulia juu ya ulingo, ukimpandisha, koo linaanza lenyewe.

Mwezi wa kumi na moja tuliupakia vipande vipande kwenye trela, tukaupeleka shambani kwa kaka yake Linda, nje ya mji, tukausimamisha kando ya miti. Kisha Linda akaja kukagua. Alitikisa mguu mmoja kwa mikono yote miwili. Alitikisa reli. Akapanda ngazi chache, akaangalia chini, akawa mweupe kuliko alivyo, akashuka.

"Siwezi," alisema. Roy alikuwa amesimama pale na mkongojo wake, na mimi sikuthubutu kumtazama. Linda akafuta mikono kwenye suruali, akanigeukia. "Wewe umejenga, wewe panda naye. Asubuhi moja. Mimi nitakuwa kwenye gari pale ghalani. Akishuka salama nitafikiri. Nikiona chochote kisichonipendeza, imekwisha."

Jumamosi ile tulipanda bado ni giza, tumevaa vizibao vya rangi ya machungwa, ambavyo sheria inataka ili mwindaji asipigwe risasi na mwenzake. Roy alitangulia, ngazi moja moja, mkono kwenye reli, mimi nyuma yake, roho mkononi. Alipoketi alifunga macho kidogo, akapitisha kiganja kwenye ukuta. Kisha akanigeukia, kidole mdomoni, maana yake unajua kazi yako. Nikakaa. Sikupumua sana. Sikuimba. Baridi iliingia kwenye magoti, chai ilikuwa miguuni kwangu na sikuigusa, kwa sababu kifuniko chake kinalia.

Kukapambazuka. Mbele yetu lilikuwa shamba la ngano, ambayo kwao hupandwa kabla ya baridi, na lilikuwa limechipua kijani laini, limejipanga mistari, safi, la mtu aliyejituma. Nikalipenda. Na ndipo dume likatoka mitini. Kubwa, shingo nene, pembe zimetanuka. Likasimama, likasikiliza, halikusikia kitu. Likaingia shambani taratibu. Roy akainua bunduki bila hata nguo kunong'ona. Dume likainamisha kichwa, likang'oa ngano, likaanza kutafuna.

Sijui niwaeleze vipi. Roy aliona nyama ya majira ya baridi. Mimi niliona mali ya mtu inaliwa.

"Haooo!" nilikuwa nimesimama. "Hao! Hao! Toka! Shamba la watu hilo! Tokaaa!" Na viganja vyote viwili kwenye ukuta, gu! gu! gu! kama nilivyofundishwa na bibi yangu.

Dume lilipaa. Miguu yake haikugusa chini mpaka ng'ambo ya miti. Kunguru wa shamba zima waliruka pamoja. Mimi nikabaki nimesimama mikono juu, na Roy ameshika bunduki ambayo hata kizuizi chake hakuwa amekitoa.

"Miss Leo," alisema hatimaye, "lile dume nimelingoja miaka mitatu."

Nilifunika uso. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini tuliifunga bolti. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho, na katikati ya radhi nikasikia sauti. Roy alikuwa ameweka bunduki pembeni, ameteremka kwenye kiti, amelala kwenye zulia anapigapiga sakafu kwa mkongojo. Alicheka mpaka sauti ikakatika, akabaki anatikisika tu, mkono mbavuni, machozi yanaingia masikioni.

Hatukumsikia Linda. Alikuwa amesikia ukelele wangu na vishindo, akadhani Roy ameanguka tena. Alikimbia shamba zima kwenye ile ngano, akapanda ngazi zote hadi juu bila kushika reli, akajitupa mlangoni akamkuta mume wake chini.

"Umevunjika wapi?" alilia. "Roy! Wapi?"

Roy hakuweza kusema. Akaonyesha mbavu.

Linda alimpapasa mbavu, akampapasa nyonga, akamshika uso kwa mikono miwili, na hapo akaelewa anachokishika ni kicheko. Akakaa chini kwa kishindo karibu yake. Akaniangalia mimi, na mimi nikamwambia yote, la ngano na la bibi yangu. Alisikiliza bila kucheka. Kisha aligeuza kichwa kwenye dirisha na nikaona anatambua yuko wapi. Mkono wake ukakamata ukingo. Watu wazima watatu, mmoja anagaagaa na kupiga sakafu, na ulingo haukuwa umetikisika hata kidogo. Alikaa hivyo kwa muda, anatazama shamba, mpaka vidole vikalegea.

"Roy anaweza kuja kila Jumamosi," alisema. Akanigeukia kwa yale macho yake ya ukaguzi. "Lakini wewe, Leo, usikanyage tena humu ndani. Kamwe."

Nikamwambia asante. Nikachukua chupa yangu, nikashuka, mkono huku na huku kwenye reli, nacheka na machozi yananitoka kwa furaha. Nilipofika chini nilimsikia Linda akimwambia mumewe asogee kidogo, na yeye apate kuona.